Maisha Yakigeuka, Mungu Awe wa Kwanza

Ndugu msomaji, pengine unasoma habari hii ukiwa kitandani hospitalini. Juzi ulikuwa na nguvu za kulima. Leo unangoja watu wakuletee maji. Au umeolewa, ukahamia kijiji cha mume. Au umekwenda Namoya kutafuta dhahabu, au vita vimekufukuza nyumbani mwako. Siku kama hizo mtu husema moyoni, "Nitangoja mambo yatulie, kisha nitarudia maombi." Lakini mambo hayatulii upesi, na moyo huzoea kukaa pasipo Mungu.

Fikiri habari za mtu mmoja aliyeugua katika nchi hii yetu. David Livingstone, mganga na mhubiri kutoka Uskoti, alifika Kabambare mwaka 1869. Yeye aliandika jina lake Bambarre. Mwaka 1870 alipatwa na vidonda vibaya vya miguu, akakaa ndani ya nyumba siku 80, tangu Julai hata Oktoba. Sanduku lake la dawa lilikuwa limeibwa mwaka 1867. Mke wake alikuwa amekufa mwaka 1862. Wengi wa watu wake walikuwa wamekataa kwenda naye. Susi, Chuma na Gardner walibaki. Safari, ambayo ndiyo kazi yake, ilisimama.

Alifanya nini? Aliandika katika daftari yake kwamba alipokuwa Manyema alisoma Biblia yote mara nne. Si kwamba hakuhuzunika. Daftari hiyo ina masikitiko mengi. Wala hakuacha kutafuta dawa: alisaga jiwe la kijani la shaba kwa maji, akapaka vidonda. Alishika maombi, akashika na matunzo. Februari 1871 akaondoka tena kwenda Nyangwe.

Nawe fanya hivi:

1. Chagua saa ya kuomba, hata ikiwa fupi. Asubuhi kabla ya maneno ya mchana ni njema.

2. Usipoweza kusoma kwa sababu ya homa au macho, mwombe ndugu akusomee.

3. Ukihamia mahali pengine, tafuta kanisa Jumapili ya kwanza. Usingoje kujenga nyumba.

4. Mwambie Mungu huzuni yako yote. Usimfiche.

5. Usiache dawa kwa sababu unaomba. Kidonda cha mguu ukioshe kwa maji safi na sabuni, ukifunike kwa kitambaa safi ili nzi wasikiguse. Ukae, uinue mguu. Usitie mavumbi ya jiwe wala majani. Uende upesi kwa mganga wa hospitali, maana leo kuna dawa ambazo Livingstone hakuwa nazo.

Nguvu, kazi na nyumba hugeuka. Mungu hageuki. Usimwekee siku iliyo mbali; sema naye leo, kabla taa haijazimwa.