Maji ya Kioo cha Gari: Tusidharau Kitundu Kidogo



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza khabari za kuchuma, kuchambua na kuanika. Leo naomba ruhusa nizungumze khabari ya gari. Karafuu iliyokauka vizuri ikapinduka njiani ni hasara sawasawa na iliyonyeshewa jamvini, na roho ya mtu haina daraja wala bei.

Msimu uliopita, jioni moja, nilikuwa ndani ya gari ya Jumuiya tukitoka Konde kwenda Wete, nyuma tumepakia magunia. Mvua ilikuwa imekwisha, na jua la magharibi limechomoza tena. Lori lililotutangulia likaturushia tope jekundu. Dereva akawasha waipa, tope likatandaa kioo kizima kama rangi ya mlango. Akabonyeza maji yatoke, hayakutoka. Jua likapiga juu ya lile tope na sote wawili hatukuona kitu. Dereva, Mungu amjaalie kheri, akafunga breki papo hapo. Tuliposhuka kufuta kioo kwa kitambaa, tuliwakuta watoto watatu waliotoka chuoni, wamesimama ukingoni mwa njia, hatua chache mbele yetu.

Usiku ule sikupata usingizi. Asubuhi tukaipeleka gari kwa fundi. Akatazama kidogo, akasema pampu imekufa, tununue mpya. Fedha za Jumuiya ni jasho la wanachama, kwa hiyo kabla ya kununua, mimi na dereva tuliamua kutazama wenyewe. Pampu ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa uchafu, na dawa yake ilikuwa sindano, siki kidogo na muda wa saa moja. Naeleza tulivyofanya, ili kila mwenye gari aweze.

Kwanza, zima injini uiache ipoe, kisha tazama tangi la maji ya kioo. Mfuniko wake una picha ya kioo na maji yanayoruka. Usilichanganye na tangi la maji ya kupozea injini, ambalo ukilifungua lingali moto litakuunguza. Hakikisha maji yamo, kwani pampu ikizunguka kavu kwa muda huharibika.

Pili, washa swichi bila ya kuwasha injini, bonyeza maji, na mwenzio atege sikio. Kama pampu hailii kabisa, tazama fyuzi yake, kisha tazama waya zinapoingia kwenye pampu, maana hewa ya bahari hula shaba. Kama inalia na maji hayatoki, basi mara nyingi pampu inafanya kazi na njia ndiyo yenye kasoro. Hapo ndipo fundi wetu alipokosea: hakutega sikio.

Tatu, chomoa mpira mwembamba unaopeleka maji kwenye vitundu vya kurushia, ubonyeze tena. Maji yakitoka kwa nguvu mpirani, kilichoziba ni vitundu. Yasipotoka, ufuate mpira kutoka mwanzo hadi mwisho: huenda umejikunja, umepasuka, au umechomoka. Katika baadhi ya magari, katikati ya mpira kuna kidude kidogo chenye mshale, kazi yake kuzuia maji yasirudi nyuma. Nacho huziba. Ukikisafisha, kirudishe mshale ukielekea kwenye vitundu. Tena pampu nyingi zina kichujio pale zinapoingia kwenye tangi. Sisi tulipoichomoa yetu, tulikuta kichujio kimejaa ukoga wa kijani na vumbi la makonyo.

Nne, vitundu vyenyewe. Vile vinavyorusha mchirizi, ingiza ncha ya sindano nyembamba taratibu, uitoe. Usilazimishe, isije ikavunjikia ndani au ikapanua tundu. Vile vinavyopuliza maji kama manyunyu, usivichome, vitoe uviloweke. Kwa chokaa ya maji ya kisima, ile ile tunayoiona ndani ya birika la chai, loweka kitundu nusu saa katika siki, kisha kisuuze kwa maji safi. Ukitaka kupuliza kwa pampu ya baiskeli, puliza kutoka mbele kwenda nyuma, ili taka zirudi zilikotoka, na mpira uwe umechomolewa.

Tano, osha tangi lenyewe, kwani kuzibua kitundu na kuacha ukoga tangini ni kuteka maji kwa pakacha. Rudisha kila kitu, jaza maji safi yaliyochujwa kwa kitambaa, jaribu. Mchirizi upige nusu ya juu ya kioo, kwa sababu gari ikienda upepo huusukuma chini. Kama unapiga pengine, kitundu cha mchirizi huweza kugeuzwa kidogo kwa hiyo hiyo sindano.

Sasa, kosa lilikuwa la nani? Nakiri lilikuwa letu. Tangi tukilijaza kwa kopo lolote lililokuwa karibu na majamvi ya kuanikia, na sabuni ya kuoshea vyombo juu yake, ambayo huacha povu na utelezi. Dereva aliwahi kuniambia kuwa maji yanatoka kidogo kidogo, nami nikamjibu kuwa hilo lingoje msimu upite. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mguu ule nusura uwe wa mtoto wa mtu.

Basi, tumekubaliana kuwa gari ya Jumuiya haitoki na mzigo mpaka dereva abonyeze maji na kuyaona kiooni. Ndani ya gari sasa imo chupa ya maji safi, kitambaa, na sindano iliyochomwa kwenye kizibo. Nawaomba wanachama wenye magari wafanye hivyo hivyo kabla karafuu hazijaanza kushuka. Mwenye shaka na apite afisini asubuhi yoyote. Sindano ipo, na siki ipo.

Wenu katika kazi,
Katibu