Myahudi wa Mnadani Katesh

Juma hili nataka tuzungumze juu ya neno moja ambalo nusura lilete ugomvi mnadani Katesh, mbele ya macho yangu mwenyewe. Neno lenyewe ni "Myahudi".

Ilikuwa siku ya mnada. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la muuza kahawa, hatua chache kutoka kwa kijana anayeuza makoti ya mitumba. Kijana huyo ni Mrangi, Mwislamu, na wanaofika hapo wanamfahamu kwa bei zake zisizoshuka kirahisi. Akaja mzee mmoja wa Kiiraqw kutoka upande wa Dongobesh, rozari shingoni, akachagua koti zito la baridi. Wakavutana bei: elfu kumi na tano, elfu kumi, elfu kumi na nne. Mwishowe mzee akaliweka koti chini akasema, kwa utani au kwa hasira sijui, "Mjukuu wangu, wewe ni Myahudi kabisa!"

Kijana akabadilika uso. "Babu, nitukane tusi lingine lolote, lakini si hilo. Tena hao Wayahudi si ndio mnaowapenda ninyi? Si bendera yao ndiyo mnayoifunga kwenye pikipiki zenu?"

Kabla kahawa yangu haijapoa, watu walikuwa wamegawanyika mafungu mawili. Huyu anataja Gaza, yule anataja taifa teule. Wengine wakaanza kufufua mambo ya nani achinje ng'ombe na nani asichinje. Koti likasahaulika. Mzee akaondoka bila koti, na kijana akabaki bila fedha.

Watu walipotulia kidogo nikauliza, "Jamani, katika sisi tuliopo hapa, nani amewahi kumwona Myahudi kwa macho yake?" Kimya. Kisha mwalimu mmoja mstaafu kutoka Mbulu mjini akacheka. "Mimi nilimwona," akasema. "Alikuwa kitabuni, darasani."

Jibu hilo, ndugu msikilizaji, ndilo lililonifanya niyaandike mazungumzo haya. Mwalimu alikuwa na maana ya Shylock, yule mkopesha fedha katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili na kuiita Mabepari wa Venisi, mwaka 1969. Jina alilolichagua Mwalimu linawanyooshea kidole mabepari, wala haliwataji Wayahudi. Lakini wanafunzi wengi walitoka darasani na picha moja kichwani: Myahudi ni mtu mwenye kisu na mizani, anayedai ratili ya nyama ya mwenzake. Wachache walikumbuka kwamba katika tamthilia hiyo hiyo Shylock anauliza kama mwili wa Myahudi hauna maumivu kama mwili wa Mkristo.

Hebu sasa tujiulize: Shakespeare mwenyewe aliwaona wapi Wayahudi? Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza aliwafukuza Wayahudi wote nchini mwake mwaka 1290. Hawakuruhusiwa kurudi na kuishi kama jamii mpaka mwaka 1656. Tamthilia hiyo iliandikwa katika miaka ya 1590. Maana yake ni kwamba iliandikwa miaka mia tatu baada ya Wayahudi kufukuzwa, kwa ajili ya watazamaji ambao wengi wao hawakuwahi kukaa jirani na Myahudi hata siku moja. Walikuwa katika hali ile ile tuliyokuwa nayo sisi kwenye benchi la kahawa. Chuki hii ina tabia ya ajabu: haihitaji Myahudi awepo.

Mtu anaweza kusema, "Lakini si kweli kwamba Wayahudi walikuwa wakopeshaji wa riba?" Baadhi walikuwa hivyo, na sababu yake yafaa ielezwe. Katika sehemu nyingi za Ulaya ya zamani Myahudi alizuiwa kumiliki shamba na kujiunga na vyama vya mafundi. Wakati huo huo Kanisa liliwakataza Wakristo kukopesha kwa riba. Watawala walihitaji fedha, hivyo kazi hiyo wakaachiwa Wayahudi, na wengi wao walibaki maskini wa kutupwa. Mavuno yalipoharibika na madeni kushindikana, wakopaji walimgeukia mkopeshaji na kumpiga, na mara nyingi mfalme aliyekuwa akimkamua kodi alikaa kimya. Ni sawa na mtu aliyemfunga mbuzi kamba fupi, kisha akamlaumu kwamba amemaliza majani ya mahali pamoja.

Juu ya hilo likapandishwa shitaka la dini: kwamba Wayahudi wote, wa zamani na wa sasa, wana hatia ya kifo cha Yesu. Hapa wasikilizaji wangu Wakristo, ambao ni wengi Mbulu na Hanang, wanisikilize vizuri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la Oktoba 1965, ulitamka wazi kwamba mateso ya Yesu hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule bila tofauti, wala Wayahudi wa leo. Kwa upande wa Walutheri, Martin Luther mwenyewe aliandika mwaka 1543 maneno makali sana dhidi ya Wayahudi, akishauri masinagogi yao yachomwe moto. Mwaka 1994 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani liliyakataa maneno hayo hadharani na kueleza masikitiko yake. Mkristo anayelitumia jina la Myahudi kama tusi, basi, hana ruhusa ya mafundisho hayo. Na Mwislamu naye anajua kwamba Kurani inawataja Wayahudi kuwa ni watu wa Kitabu, na kwamba Musa na Daudi kwake ni mitume.

Mwisho wa njia hiyo ulionekana Ujerumani. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933 alianza na maneno na sheria za kuwatenga. Ilipofika mwaka 1945 Wayahudi wapatao milioni sita wa Ulaya walikuwa wameuawa.

Pengine utasema, hayo ni ya Wazungu, sisi yanatuhusu nini? Twende Uganda. Karibu na Mbale kuna Waafrika wanaofuata dini ya Kiyahudi, wanaoitwa Abayudaya. Jamii yao ilianzishwa mwaka 1919 na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, baada ya kuisoma Biblia na kuamua kushika Agano la Kale. Ni wakulima, wanapanda ndizi na kahawa kama majirani zao. Idi Amin alipotawala aliipiga marufuku dini yao. Wengi wakabadili dini kwa woga, na wachache waliobaki wakasali kwa siri.

Kumbuka pia mwaka 1972. Mwezi wa Agosti Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, akisema wanainyonya nchi. Mwezi uliofuata alimpelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kurt Waldheim, simu ya maandishi ya kumsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi. Mdomo ni ule ule. Anayejizoeza kuhukumu kabila zima au dini nzima haishii kwa mmoja. Leo ni Myahudi, kesho ni Mhindi, keshokutwa ni Mwacholi na Mlango, ambao Amin aliwaua kwa maelfu. Kampala ilipokombolewa Aprili 1979, jeshi letu la Tanzania lilikuwa mbele, na Abayudaya wakaweza kusali tena mchana kweupe. Sijui kama askari wetu walijua hilo, lakini ni jambo la kujivunia.

Tuje kwenye kidonda kibichi. Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas waliingia Israeli wakaua watu wapatao 1,200. Miongoni mwa waliokufa walikuwa vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo, na mmoja wao alikuwa mtoto wa mkoa wetu huu wa Manyara. Vita vilivyofuata Gaza vimeua Wapalestina kwa makumi ya maelfu, wakiwemo watoto wengi mno. Mwenye moyo wa nyama ataumia kwa hao na kwa hao.

Kuilaumu serikali ya Israeli kwa yanayotendeka Gaza si chuki dhidi ya Wayahudi. Serikali hulaumiwa, na hata raia wake huilaumu. Nchi yetu yenyewe imewahi kuionyesha tofauti hiyo. Miaka ya 1960 Waisraeli walisaidia kuanzishwa kwa Jeshi la Kujenga Taifa. Mwaka 1973 Tanzania ilivunja uhusiano na Israeli, ikasimama na Wapalestina, na uhusiano ukarudishwa mwaka 1995. Ulikuwa ugomvi wa serikali na serikali, na siasa. Kosa linaanza pale tendo la serikali, au la kundi lenye silaha, linapotwikwa watu wote wa damu ile au dini ile: kwamba kila Myahudi ni muuaji, au kila Mwislamu ni gaidi. Kauli hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja.

Nisije nikawa mganga asiyejiganga, niseme langu. Miaka kadhaa iliyopita nilisoma redioni habari ya wizi wa ng'ombe upande wa Basotu. Polisi walikuwa hawajamtaja mtu. Mimi, kwa mazoea tu, nikasema "wezi wa Mang'ati". Sote tunalitumia jina hilo kwa Wadatoga. Wangapi tunajua kwamba limetoka kwa Wamasai, na maana yake ni "maadui"? Tunamwita jirani yetu adui kila siku, tukidhani tunataja kabila lake.

Siku mbili baadaye mzee mmoja wa Kidatoga alifika studio, amejifunga shuka lake, fimbo mkononi, vumbi mpaka magotini. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Mwanangu, mwizi ana jina lake, na mimi nina jina langu. Mbona umetupa jina moja?" Sikuwa na jibu. Nikamwomba radhi, na juma lililofuata nikaomba radhi hewani.

Baadaye watuhumiwa watatu walifikishwa mahakamani. Mmoja wao kweli alikuwa Mdatoga. Kuna waliokuja kuniambia, "Unaona? Hukukosea." Nilikosea, ndugu zangu. Wale wawili wengine walikuwa na makabila yao, na hakuna redio wala kijiwe kilichoyataja. Ndivyo dhana mbaya inavyojilisha: tendo linaloiunga mkono tunalitangaza, tendo linaloipinga tunalifumbia macho.

Wala tusidhani kwamba maneno huishia vijiweni. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, ubishi wa nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuza ulifikia kumwaga damu, na mchungaji mmoja aliuawa. Hakuna aliyeamka asubuhi moja akaamua kuua jirani. Kwanza yalitangulia maneno ya "wao" na "sisi". Huku kwetu, Disemba 2023, tope la Mlima Hanang liliposhuka Katesh na vijiji vya jirani na kuua watu zaidi ya 80, tulichimba matope bega kwa bega bila kuulizana nani anasali wapi. Inasikitisha ikiwa tunakumbuka kuwa ni majirani siku ya msiba tu, halafu siku ya mnada tunasahau.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu mepesi. Kabla ya kusema "Wayahudi wamefanya hivi", "Waislamu wamefanya vile" au "Wakristo ndivyo walivyo", jiulize: ni nani hasa aliyetenda? Mtaje huyo. Pili, jiulize kama ungekubali kabila lako au dini yako ihukumiwe kwa kipimo hicho hicho. Tatu, jiulize ni nani unayemlenga kweli. Wale wawili mnadani hawakuwa na ugomvi wowote na Myahudi. Walikuwa na tofauti ya shilingi elfu chache. Neno hilo waliliokota njiani, kama mtu anavyookota jiwe, wakarushiana.

Nilirudi Katesh mnada uliofuata. Yule kijana alikuwa palepale na makoti yake. Nikamwuliza kama babu alirudi. Akasema, "Amepita hapa, akanunua kwa jirani yangu pale. Hakunisalimia, nami sikumsalimia." Kisha akaniambia kwamba koti lile alikuwa tayari kumwachia kwa elfu kumi na mbili.

Mzee wangu wa Dongobesh, kama unanisikiliza, baridi ya Juni bado inakuja. Koti bado lipo, na nadhani salamu ndiyo itakayolipunguza bei.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa uzima, tukutane tena juma lijalo, wakati kama huu.