Koplingi ya haidroliki imegoma? Weka nyundo chini

Vijana, trela limeshinda juani Kahama, pamba inasubiri, na mpira wa haidroliki haungii kwenye trekta. Usigonge! Oili iliyofungiwa ndani ya mpira ikipata moto hutanuka, presha inasukuma koplingi isiingie.

Fanya hivi: hakikisha trela limeshuka, zima injini, sukuma leva ya haidroliki mbele na nyuma mara kadhaa. Futa vumbi ncha zote mbili, vuta ringi nyuma, sukuma mpaka isikike "tak". Bado inagoma? Funika mpira upoe kwanza, ujaribu tena.

Ikivuja, usipapase kwa mkono. Oili ya presha hupenya ngozi. Hata kama ni kitundu cha sindano tu, wahi hospitali mara moja. Trela litasubiri, mkono hauna spea.