Asiyekubali kushindwa si mshindani: Phiona Mutesi, binti wa Katwe

Kila mzazi amepata kumwona mtoto akirudi nyumbani amekunja uso kwa sababu ameshindwa: ameshindwa mtihani, ameshindwa mbio, au ameshindwa katika mchezo mbele ya wenzake. Wazazi wengine humcheka, wengine humkaripia, wengine humpa maneno matamu ili asahau upesi. Ni wachache wanaoketi naye na kumwuliza kwa upole: “Mwanangu, umeshindwa mahali gani, na kwa sababu gani?” Lakini swali hilo ndilo lenye faida. Leo twataka kuwasimulia wasomaji wetu habari za msichana mmoja wa nchi jirani ya Uganda, aliyejifunza kujiuliza swali hilo mbele ya ubao wa sataranji.

Uji na kete

Katwe ni mtaa wa watu maskini katika mji wa Kampala. Uko bondeni, na mvua kubwa zinyeshapo maji huingia ndani ya vibanda na kuharibu vitu vichache walivyo navyo wakaaji wake. Huko ndiko alikokulia Phiona Mutesi, aliyezaliwa mwaka wa 1996 au karibu na hapo. Alikuwa na umri wa miaka 3 hivi baba yake alipokufa kwa ugonjwa wa UKIMWI. Mama yake akabaki peke yake na mzigo wa watoto, akahangaika kuwalisha kwa biashara ndogo ndogo. Karo ilipokosekana, Phiona alitoka shuleni, akawa mchuuzi wa mahindi njiani.

Mwaka wa 2005, akiwa na miaka 9 hivi, alimfuata kaka yake mahali ambapo watoto wa mtaa walikuwa wakikusanyika. Huko akawakuta wameinama juu ya mbao zenye nyumba nyeupe na nyeusi, wakisogeza vitu ambavyo hakupata kuviona tangu kuzaliwa. Mwalimu wao alikuwa Robert Katende, kijana wa Uganda aliyekuwa akitumika katika shirika la Kikristo liitwalo Sports Outreach. Katende naye aliujua uyatima. Mwanzo aliwakusanya watoto kwa mpira wa miguu, lakini aliona kwamba wengine hawaupendi mpira, hukaa kando na kutazama tu. Kwa ajili ya hao alianza kufundisha sataranji mwaka wa 2004. Kila mtoto aliyefika alipewa kikombe cha uji, na Phiona hakuficha kamwe kwamba kilichomvuta siku za kwanza kilikuwa uji ule.

Aliyemwonyesha namna kete zinavyokwenda hakuwa mtu mzima. Alikuwa msichana mdogo wa miaka 4, aliyekuwa amekwisha kujifunza kabla yake. Yafaa tulitie jambo hilo moyoni: msichana wa miaka 9 alikubali kufundishwa na mtoto wa miaka 4. Bila unyenyekevu huo habari yetu isingekuwapo.

Mchezo wenyewe ni nini?

Sataranji ni mchezo wa kale. Ulitoka India, ukapita kwa Waajemi, kisha kwa Waarabu, na jina tunalolitumia katika Kiswahili ni la Kiarabu. Kama vile bao, ambalo Waluba huliita kisolo, hauhitaji nguvu za mwili. Wahitaji kichwa kilichotulia. Ubao una nyumba 64. Kila mchezaji ana kete 16: mfalme mmoja, malkia mmoja, minara 2, maaskofu 2, farasi 2, na askari 8 wanaosimama mbele. Kila kete ina mwendo wake. Mwisho wa mchezo ni kumbana mfalme wa mwenzako asiwe na nyumba ya kukimbilia.

Katika sataranji hakuna bahati ya kulaumiwa. Hakuna upepo wala matope. Kete zote zi wazi mbele ya macho ya wote wawili. Kwa hiyo anayeshindwa hawezi kusema, “Nimeonewa.” Kosa ni lake, na liko pale pale ubaoni. Hiyo ndiyo sababu kushindwa katika mchezo huu kwauma sana, hata kwa watu wazima, na ndiyo sababu pia kuna mafunzo mengi ndani yake.

Mtego wa hatua nne

Tutoe mfano. Kuna mtego unaowanasa wanafunzi wapya popote duniani, nao huisha kwa hatua nne tu. Mwenye kete nyeupe husukuma askari aliye mbele ya mfalme wake, kisha humtoa askofu, kisha humtoa malkia. Wote wawili, askofu na malkia, huielekea nyumba moja, ile ya askari asimamaye mbele ya askofu aliye kando ya mfalme mweusi. Askari huyo halindwi na kete nyingine ila mfalme peke yake. Mwanafunzi asiyeliona hilo hushughulika na mambo mengine, na katika hatua ya nne malkia humpiga yule askari, naye mfalme hawezi kumkamata malkia kwa sababu askofu anamlinda kutoka mbali. Mchezo umekwisha.

Mtoto aliyenaswa hivyo hulia kwa aibu. Lakini akitulia na kupanga kete upya, atagundua kwamba dawa yake ni nyepesi. Malkia wa adui anapotokea tu, na asukume askari wa kando ili amzuie na kumfukuza, au amweke malkia wake mwenyewe mbele ya mfalme kuilinda ile nyumba. Tangu siku hiyo hanaswi tena. Hata zaidi, ataona kwamba mwenzake aliyemtoa malkia mapema amepoteza wakati, maana malkia anayefukuzwa huku na huku hana raha, na kila afukuzwapo, kete za upande wa pili hupata nafasi ya kujipanga.

Sasa mtazameni yule aliyeshinda. Yeye amejifunza nini? Amejifunza hila moja tu. Akikutana na mtu anayeijua dawa yake, atabaki mikono mitupu. Basi, yule aliyelia ameondoka na elimu, na yule aliyecheka ameondoka na sifa ya siku moja. Ushindi nao wapaswa kuchunguzwa. Mchezaji mwenye akili hujiuliza hata aliposhinda: “Je, nimeshinda kwa sababu nilicheza vizuri, au kwa sababu mwenzangu alisinzia?”

Phiona alipitia njia hiyo. Wavulana waliomtangulia walimshinda mara nyingi. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, na polepole akaanza kuwashinda wao. Katika umri wa miaka 11 alikuwa bingwa wa wasichana vijana katika Uganda nzima.

Furaha ya Juba, machozi ya Siberia

Mwaka wa 2009 alipanda ndege kwa mara ya kwanza. Pamoja na wavulana wawili wa kundi la Katende alikwenda Juba, mji ambao siku zile ulikuwa bado ndani ya Sudan, kwa mashindano ya watoto wa Afrika. Watoto hao watatu wa Uganda walirudi na ushindi. Mtu angeweza kufikiri kwamba sasa njia ni tambarare. Lakini safari ngumu ilikuwa mbele.

Mwaka wa 2010 Phiona aliingia katika kundi la wanawake wa Uganda lililokwenda Khanty-Mansiysk, mji wa baridi katika Siberia, nchi ya Urusi. Huko yalikuwa mashindano makubwa ya mataifa yote yaitwayo Olimpiadi ya sataranji. Binti aliyejifunzia Katwe aliketi mbele ya wanawake waliofundishwa tangu utoto na walimu wenye vitabu vingi. Mchezo wake wa kwanza ulikuwa na bingwa wa wanawake wa Kanada, naye akashindwa.

Siku nyingine alikutana na mchezaji wa Misri aliyecheza kwa haraka sana. Phiona naye alipenda mwendo wa haraka, akavutwa, akajibu haraka kwa haraka, mpaka akafanya kosa lisilotengenezeka. Alipotoka mahali pale alilia. Wahenga walisema: haraka haraka haina baraka. Phiona alikuwa na ruhusa ya kufikiri kwa muda mrefu, lakini alifuata mwendo wa mwenzake, akaacha wake. Wangapi kati yetu tumepata hasara kwa namna hiyo hiyo, si ubaoni bali sokoni, au katika kutia sahihi mapatano ambayo hatukuyasoma?

Hata hivyo mashindano hayakumalizika kwa machozi. Katika mchezo mmoja wa baadaye, Phiona alikutana na msichana wa Ethiopia, kijana wa Afrika kama yeye. Safari hii alitulia, akacheza kwa subira, akashinda. Ulikuwa ushindi mmoja tu mbele ya mataifa, lakini alikuwa ameulipia kwa kushindwa kwingi, na furaha yake ilikuwa kubwa mno.

Daftari ya makosa

Katika mashindano makubwa ya sataranji kila mchezaji hana budi kuandika kila hatua, yake na ya mwenzake. Maandishi yenyewe ni mafupi: nyumba za ubao hutajwa kwa herufi 8 na tarakimu kutoka 1 mpaka 8. Karatasi hiyo ni hazina kwa mwanafunzi. Mchezo ukiisha, wawili waliokuwa maadui huketi mara nyingi pamoja, wakarudia hatua zote tangu mwanzo, wakitafuta mahali ambapo mmoja alipotea njia. Mara nyingi kosa halikuwa katika hatua ya mwisho iliyomwangusha, bali katika hatua ndogo ya zamani ambayo hakuna aliyeijali.

Katika maisha ya nyumbani ni vivyo hivyo. Mtoto aliyeanguka mtihani mwezi wa sita labda alianza kuanguka mwezi wa kwanza, siku ile alipokosa kuelewa somo moja akaona haya kuuliza. Mzazi anayemkaripia kwa ajili ya siku ya mwisho tu hajaigusa siku ya kwanza.

Faida iliyobaki

Tuseme kweli, maana kusifu kupita kiasi si heshima. Phiona hakupata kuwa bingwa wa dunia, wala hakufikia daraja la mabingwa wakuu. Mwaka wa 2012, katika Olimpiadi ya Istanbul, nchi ya Uturuki, alipata cheo cha mgombea ubingwa kwa wanawake. Ni cheo cha chini katika ngazi ya vyeo vya sataranji, lakini kabla ya mwaka ule hakuna mwanamke wa Uganda aliyekuwa na cheo cho chote cha namna hiyo. Mwaka wa 2014 aliiwakilisha nchi yake tena katika Tromsø, nchi ya Norway.

Lakini faida kubwa haikuwa vyeo. Kwa msaada uliotokana na mchezo, Phiona alirudi shuleni, yeye aliyekuwa ameacha masomo kwa kukosa karo. Mwaka wa 2012 Mmarekani Tim Crothers alitoa kitabu juu ya maisha yake, na mwaka wa 2016 ikatoka filamu iitwayo Queen of Katwe, iliyoongozwa na Mira Nair. Mwaka wa 2017 Phiona akaingia chuo kikuu katika Kirkland, jimbo la Washington, Marekani.

Neno kwa wazazi

Si kila mtoto atakayejifunza sataranji atapanda ndege. Wengi hawatatoka katika mtaa wao, wala hiyo si haya. Lakini kila mtoto aweza kujifunza kutazama kosa lake bila woga, na elimu hiyo haihitaji fedha nyingi. Chukueni ganda la boksi, chora juu yake nyumba 64, nane kwa nane, mkitia rangi moja moja kwa kupishana. Angalieni tu kwamba nyumba ya pembeni iliyo karibu na mkono wa kushoto wa kila mchezaji iwe nyeusi. Vifuniko vya chupa vyaweza kuwa kete, vikitiwa alama. Wapeni nafasi wasichana sawasawa na wavulana, maana habari hii imeonyesha kwamba akili haichagui.

Watoto wakicheza, msiwasaidie kushinda, wala msiwape ushindi wa bure. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mtoto akilia kwa kushindwa, mwacheni alie kidogo. Kisha ketini karibu naye, mpangeni kete upya, mkatafute pamoja ile hatua alipopotea.