Hesabu za Kompyuta Si za Kukimbiwa

Wako vijana wetu wa Pwani waliofaulu vizuri kidato cha nne, lakini wakisikia shahada ya kompyuta ina hesabu, hukimbilia kozi nyingine. Wengi hawajui wanakimbia nini.

Msingi wa somo hilo ni algorithimu, yaani hatua zilizopangwa, ukizifuata moja baada ya moja unafika kwenye jawabu. Neno hili limetokana na jina la Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Kitabu chake cha aljebra kina sehemu nzima ya mirathi. Gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia, ndipo mafungu ya warithi. Ukigeuza mpangilio, haki ya mtu inapotea.

Chuoni mwanafunzi hufundishwa pia kupima ubora wa njia. Chukua orodha ya majina 1,000 yaliyopangwa kwa alfabeti. Ukitafuta jina kuanzia juu, huenda ukayasoma yote. Lakini ukianza katikati, ukatupa nusu isiyokuhusu na kurudia hivyo hivyo, hutasoma zaidi ya majina 10. Orodha ikiwa ya majina 1,000,000, hutapita 20. Kompyuta ni ile ile, kilichobadilika ni njia.

Basi mzazi, mwanao akipata nafasi hiyo usimtie hofu. Mnunulie daftari, azifanye hatua hizo kwa mkono kwanza. Asiyezielewa kwenye karatasi, kompyuta itamkosesha kwa kasi zaidi.