BISIBISI TATU NZURI ZINATOSHA

Viwavijeshi vamizi waliingia Tanzania mwaka 2017. Tangu hapo mkulima wa mahindi hana nafasi ya kusubiri. Akiwaona shambani, hupaswa kupulizia dawa mapema, kabla hawajajificha ndani ya moyo wa mmea. Siku hiyo bomba la mgongoni likigoma, hasara ni yake.

Mara nyingi bomba halijafa. Ni skrubu moja tu ya kibano iliyolegea, na mpira unavuja. Kuikaza ni kazi ya dakika moja. Lakini bisibisi iliyopo nyumbani ncha yake imekwisha. Inateleza na kuchubua kichwa cha skrubu. Sasa hata fundi akija, atapata taabu kuifungua. Mwenye bomba akiamua kulitumia hivyo hivyo, dawa itamvujia mgongoni. Dawa hiyo ni sumu.

Kwa hiyo bisibisi si kitu kidogo. Tuone namna ya kuichagua.

IJUE SKRUBU KWANZA

Skrubu tunazokutana nazo sana ni za aina mbili. Ya kwanza ina mfereji mmoja kichwani. Hii hufunguliwa kwa bisibisi bapa. Tunaiona kwenye cherehani na bawaba za zamani. Ya pili ina alama ya msalaba. Hii hufunguliwa kwa bisibisi nyota. Aina hii ilienea viwandani Marekani katika miaka ya 1930, na aliyeieneza ni Henry F. Phillips. Leo tunaiona kwenye redio, taa za sola na bawaba mpya.

Bisibisi nyota zina namba. Namba 1 ni ndogo. Namba 2 ni ya kati. Namba 3 ni kubwa.

NUNUA ZIPI?

Dukani utaona boksi lenye bisibisi nyingi za rangi nzuri. Usivutwe na wingi. Kwa nyumba yenye kazi chache, anza na hizi tatu:

1. Bisibisi nyota namba 2. Hii ndiyo itafanya kazi nyingi.
2. Bisibisi bapa yenye ncha pana kiasi cha milimita 6.
3. Bisibisi nyota namba 1, kwa redio na taa.

Mwenye cherehani aongeze bapa ndogo. Mwenye pikipiki anaweza kuhitaji nyota namba 3. Kama fedha haitoshi, nunua moja moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Fanya hesabu. Tuseme bisibisi dhaifu ni shilingi 1,500, na imara ni shilingi 4,000. Dhaifu ikiharibika kila mwaka, kwa miaka mitatu umetoa shilingi 4,500. Umeshapita bei ya ile imara, na mkononi huna kitu.

IKAGUE KABLA YA KULIPA

Chukua skrubu moja au mbili kutoka nyumbani, uende nazo dukani. Kisha fanya hivi:

Ingiza ncha kwenye skrubu. Ikae vizuri, isicheze.

Tazama ncha. Kingo zake ziwe kali na sawa, zisiwe za mviringo.

Viringisha chuma chake juu ya meza. Kikirukaruka, kimepinda.

Shika chuma kwa mkono mmoja na mpini kwa mkono wa pili, kisha sokota kwa nguvu. Mpini ukizunguka peke yake, usinunue.

Bisibisi nyingi imara huandikwa CR-V. Maana yake ni chuma kilichochanganywa na kromu na vanadi. Lakini maandishi peke yake si ushahidi. Amini macho na mikono yako.

ITUMIE VIZURI

Chagua bisibisi inayojaza mfereji wa skrubu. Iweke wima. Sukuma kwanza, halafu zungusha. Kwa skrubu za kawaida, kulia ni kukaza na kushoto ni kulegeza. Skrubu ikishikwa na kutu, tia tone la mafuta, ngoja, kisha jaribu tena.

Bisibisi si patasi wala mtaimbo. Usiipige nyundo, na usifungulie kopo. Usishike kitu unachofungua kwenye kiganja, maana ncha ikiteleza itakuchoma. Kwenye umeme, mwite fundi. Mpini wa plastiki peke yake si kinga.

Ukimaliza, ifute, ipake mafuta kidogo na uiweke pakavu, mbali na watoto.

VIKUNDI NAVYO VINAWEZA

Ndugu wanakikundi, kaya tano au kumi zaweza kuchanga na kuwa na sanduku moja la vifaa. Mchagueni mtunzaji mmoja. Muwe na daftari. Anayeazima aandike jina lake, kifaa alichochukua na siku. Akirudisha, mtunzaji aikague ncha mbele yake, kisha aandike. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kabla ya msimu wa kupulizia kuanza, leteni mabomba yote siku moja. Tieni maji matupu, pigeni pampu, mtazame wapi panavuja, mkaze. Mdudu akija, atakuta bomba liko tayari.