Mto, Mguu na Mteremko: Mafunzo ya Korongo la Kalambo

Katika lugha yetu neno "korongo" lina maana mbili. Ni bonde jembamba lenye kingo za wima lililochimbwa na maji, na pia ni ndege mkubwa mwenye miguu mirefu. Mkoani Rukwa maana hizo mbili hukutana mahali pamoja. Chini ya Maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, mto umechonga korongo ambalo kina chake hufikia mita 300, na juu ya magenge yake korongo wenye mfuko shingoni hujenga viota vyao wakati wa kiangazi.

Watu wa Mwazye, Matai na vijiji vingine vya Uwanda wa Juu wa Ufipa wamezoea tangu zamani kuvuka mabonde kwa miguu. Siku hizi wageni nao huja kwa ajili ya matembezi, na shule huleta wanafunzi. Njia zinaongezeka, na nyingine zinaharibika. Makala haya yanataka kuonyesha jambo moja: kanuni iliyochimba korongo ndiyo ile ile inayoharibu njia ya miguu. Tofauti iko katika muda tu. Mto umetumia maelfu mengi ya miaka. Njia iliyopangwa vibaya yaweza kuwa mfereji mkubwa kwa masika machache.

UWANDA KATI YA MABONDE MAWILI

Ufipa ni kipande cha nchi kilichobaki juu wakati ardhi ya pande zake mbili ilipodidimia. Magharibi liko Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari na kina chake kirefu kabisa ni mita 1,470 hivi. Mashariki liko bonde la Ziwa Rukwa, ziwa la kina kifupi lisilo na mto wa kutolea maji. Kati ya mabonde hayo mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700. Basi msafiri atokaye Sumbawanga hadi bandari ya Kasanga huteremka karibu kilometa moja nzima, naye huona joto likiongezeka kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi kwa sababu ya mteremko peke yake.

Mvua ya Ufipa nayo hugawanyika. Matone mawili yaliyoanguka hatua chache baina yao yaweza kuagana milele. Moja litafuata vijito hadi Tanganyika, na kutoka huko kwa mto Lukuga hadi mto Kongo na bahari ya Atlantiki. La pili litaingia Rukwa, na huko litageuka mvuke. Mwanafunzi wa Mwazye aweza kuanza somo hili kwa swali jepesi: je, kijito kilicho karibu na shule yetu kinaelekea ziwa lipi?

Wala ardhi hii haijatulia. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko lililozidi kipimo cha 7 lilitikisa eneo hili. Ni miongoni mwa matetemeko makubwa kabisa yaliyopata kurekodiwa katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Nguvu zilizoliteremsha bonde zingali zikifanya kazi.

JINSI MTO ULIVYOCHIMBA

Mto hauwezi kuchimba chini ya usawa wa maji unakoingia. Lakini usawa huo ukishuka, mto hupata mteremko mpya na nguvu mpya. Ndivyo ilivyokuwa Kalambo. Bonde la Tanganyika lilipodidimia, mto ulibaki juu ya uwanda wenye miamba migumu, ukalazimika kuruka. Leo maji huanguka kwa mfululizo mmoja zaidi ya mita 200, na Kalambo huhesabiwa miongoni mwa maporomoko marefu kabisa barani Afrika. Miamba ya ukingo inapomong'onyoka na kuanguka, poromoko hurudi nyuma kuelekea chanzo cha mto, likiacha korongo mbele yake. Korongo hilo sasa lina urefu wa kilometa 5 hivi kabla ya kufunguka kuelekea ziwani.

Nguvu ya maji yategemea mno mwendo wake. Kwa hesabu ya nadharia, mwendo ukiongezeka mara mbili, uzito wa jiwe kubwa kabisa ambalo maji yaweza kulisukuma huongezeka mara 64, yaani mbili kwa kipeo cha sita. Hii ndiyo sababu kijito kinachovukwa na mtoto wakati wa kiangazi huviringisha mawe makubwa siku ya mafuriko.

Lakini mwamba ule ule unaoyarusha maji umekuwa pia mlinzi. Juu ya maporomoko, mwamba wa ukingo huuzuia mto usichimbe haraka. Huko mto hupita polepole katika bonde dogo na kuacha mashapo ya mchanga na matope yaliyolowa daima. Palipo na maji hewa haipenyi vizuri, na mti hauozi upesi. Kuanzia mwaka 1953 mtaalamu wa mambo ya kale J. Desmond Clark alichimba huko, akapata zana za mawe pamoja na vipande vya miti. Mwaka 2023 kundi la wataalamu lililoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool lilitangaza kwamba, upande wa Zambia, yamepatikana magogo mawili yaliyopishanishwa, la juu likiwa limechongwa pengo ili likae juu ya la chini. Umri wake ni miaka 476,000 hivi. Ulipimwa kwa nuru hafifu inayotolewa na chembe za mchanga, kwa kuwa chembe hizo hujilimbikizia nishati tangu siku zilipofunikwa zisione jua. Mabaki ya kale kabisa ya binadamu wa aina yetu yajulikanayo, yaliyopatikana Moroko, yana miaka 300,000 hivi. Kwa hiyo mafundi wa Kalambo walitutangulia kwa mbali sana.

MGUU NAO HUCHIMBA

Sasa tutazame njia. Udongo wenye nyasi una matundu mengi madogo yanayonywa mvua. Miguu ikipita kila siku, nyasi hufa na matundu huzibwa. Mvua ikinyesha, maji hayazami. Hukimbia juu ya njia. Ikiwa njia inashuka moja kwa moja ubavuni mwa kilima, maji hupata mwendo, hubeba udongo na kuacha mfereji. Watu huukwepa mfereji, nao hukanyaga njia nyingine kandoni. Hivyo mmoja huzaa wa pili, na udongo wote huishia mtoni.

Jambo hili si dogo. Udongo uliopotea haurudi katika maisha ya mtu. Njia iliyokatwa ovyo kwenye ukingo wa mto yaweza kufumua mashapo yaliyotunza kumbukumbu kwa karne nyingi, na iliyopita karibu na viota huwafukuza ndege wakati wa kulea.

Njia njema hufuata masharti machache. Ipite kwa mshazari, ikizunguka kilima badala ya kukishambulia. Mteremko wake usizidi nusu ya mteremko wa ubavu wa kilima, na kwa kawaida usizidi mita 1 kwa kila mita 10. Uso wake uinamishwe kidogo upande wa bondeni ili maji yavuke badala ya kuifuata. Penye mteremko mkali zijengwe ngazi za mawe, kama zilivyojengwa ngazi upande wa Tanzania wa Kalambo. Na penye kona, mpitaji asikatishe. Kila mkato ni mfereji uliokwisha kuanza.

KAZI ZA KUFANYA SHULENI

Kazi hizi hazihitaji safari ya Kalambo. Njia ya kwenda kisimani yatosha.

Kwanza, funga uzi wenye jiwe dogo katikati ya kipimapembe, uwe timazi. Tazama kwa ukingo wake mtu wa kimo chako aliyesimama juu ya njia, usome pembe. Mteremko wa 1 kwa 10 ni nyuzi 6 hivi.

Pili, chukua kopo lililotolewa vitako vyote viwili, ulididimize kidogo katikati ya njia, umimine lita moja ya maji na kuhesabu dakika hadi yazame. Rudia penye nyasi kandoni. Linganisha.

Tatu, pigilia mambo mbili, moja kila upande wa njia, ufunge kamba iliyonyooka kati yake. Pima kina kutoka kamba hadi ardhi kila sentimita 10. Fanya hivyo mwezi Oktoba kabla ya mvua, kisha mwezi Mei baada yake. Tofauti ya vipimo ndiyo udongo uliochukuliwa.

Mwalimu anayewapeleka wanafunzi korongoni akumbuke mambo mawili. Mbingu zaweza kuwa nyeupe huku mvua kubwa imenyesha uwandani, na mto ukafurika ghafula. Kwa hiyo kiangazi ndicho kipindi cha safari. Tena mtu asitupe jiwe gengeni. Kwa hesabu, bila ukinzani wa hewa, kitu kinachoanguka mita 200 hufika chini baada ya sekunde 6.4 hivi, kikiwa na mwendo wa mita 63 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilometa 220 kwa saa. Hesabu hiyo yafaa kufanyiwa ubaoni.

Korongo la Kalambo hakuna aliyeweza kulizuia, wala hapakuwa na haja. Lakini makorongo yanayoanza leo katika njia za vijiji vyetu bado yana kina cha kidole. Yakipimwa sasa, yaweza kuzibwa kwa mawe machache na kazi ya siku moja.